Bumu ni Mtaji: Mwanafunzi wa Chuo Ajifunze Hesabu za Duka

Wafanyabiashara wa Sinza, Mwenge, Changanyikeni na Msewe jijini Dar es Salaam wanaijua kalenda ya Chuo Kikuu cha Mlimani kuliko baadhi ya wanafunzi wenyewe. Fedha za kujikimu zikiingia, chipsi na kuku haziishi kwenye makaango, mafundi simu wanakosa nafasi ya kukaa, na mitumba ya daraja la kwanza inapata wenyewe kabla ya saa sita mchana. Wiki ya saba inapofika, wateja wale wale wanaulizia unga wa kupima na kuomba waandikwe kwenye daftari.

Fedha hizo wanafunzi wanaziita bumu. Ukurasa huu umezoea kuzungumzia bei za mazao, hisa na dhamana, lakini wiki hii tunalitazama bumu kwa sababu mbili. Kwanza, wasomaji wetu wengi wanauza bidhaa kwa wanafunzi. Pili, wengi zaidi wana mtoto, mdogo wao au mpwa aliyeko chuoni, na ndio wanaopigiwa simu mambo yakiharibika.

Hoja yetu ni fupi. Bumu ni mtaji wa kukopa. Mwenye duka aliyekopa mtaji hujipangia posho ya siku na kuheshimu mpango huo. Akianza kula kila kinachoingia kwenye droo, duka linafungwa. Mwanafunzi naye yuko katika hali hiyo hiyo.

SIKU 240 KATI YA 365

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Posho yake ya chakula na malazi ilikaa kwenye kiwango cha shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa, kisha ikapandishwa hadi shilingi 10,000. Hutolewa kwa awamu za siku 60, na kwa kawaida awamu ni nne kwa mwaka wa masomo.

Kwa hiyo mwenye kiwango kamili hupokea shilingi 600,000 kwa mkupuo, yaani shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Kwa kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika laki moja ya kwake, laki sita ni fedha nyingi. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia, kwa sababu anaziona laki sita na hazioni siku 60 zilizomo ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulisahau. Awamu nne za siku 60 ni siku 240. Mwaka una siku 365. Siku 125 zilizobaki mwanafunzi anakula nyumbani, au anakula kwa akiba yake. Anayebaki mjini wakati wa likizo bila akiba anakuwa mzigo wa mtu mwingine.

DENI LINASUBIRI MLANGONI

Miaka ya nyuma, kabla ya sera ya kuchangia gharama kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilibeba gharama za mwanafunzi wa chuo kikuu. Siku hizi bumu ni mkopo, na kila sahani ya wali inayoliwa kwa bumu ina mdai.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya marejesho kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Makato ya asilimia 15 yamebaki.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anasoma miaka mitatu kwa posho kamili: anakuwa amekula shilingi 7,200,000, mbali na ada. Tuseme amepata kazi yenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Makato ya asilimia 15 ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Kulipa chakula na malazi peke yake kutamchukua miezi 60, yaani miaka mitano. Hesabu hiyo ingebandikwa ukutani katika kila chumba cha mwaka wa kwanza, tunaamini simu za bei mbaya zingepungua.

HESABU YA SIKU 60

Mwenye duka makini hutoa kwanza kodi na dharura, ndipo anagawa kilichobaki. Mwanafunzi afanye vivyo hivyo siku ile ile bumu linapoingia, kabla ya kutoka chumbani. Bei hutofautiana kati ya Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na Mwanza, hivyo kila mmoja aweke tarakimu za mahali pake. Huu ni mfano wa wawili waliopanga chumba kimoja cha shilingi 80,000 kwa mwezi:

Bumu la siku 60: shilingi 600,000
Kutoa kodi, fungu lake kwa miezi miwili: shilingi 80,000
Kutoa fungu la dharura: shilingi 40,000
Kilichobaki: shilingi 480,000
Posho ya siku moja: shilingi 8,000

Shilingi 8,000 hizo zinagawanywa tena: chakula 5,500, nauli 1,000, bando la simu na fotokopi 1,000, akiba 500.

Fungu la dharura la shilingi 40,000 lina kazi maalumu. Kwa chakula cha shilingi 5,500 kwa siku, linatosha wiki moja na ushei. Bumu linapochelewa, na wanafunzi wote wanajua kwamba huwa linachelewa, wiki hiyo moja ndiyo tofauti kati ya anayesubiri na anayekwenda kukopa.

Wapo watakaosema shilingi 500 kwa siku ni vijisenti. Kwa siku 60 ni shilingi 30,000, kwa mwaka ni 120,000, na kwa miaka mitatu ni 360,000 kabla ya faida yoyote. Mhitimu mwenye laki tatu na sitini anaweza kulipa nauli za usaili, kuchapa vyeti na kula wakati anatafuta kazi. Asiye nazo huchukua kazi ya kwanza atakayopewa, kwa malipo yoyote.

Anayepata posho pungufu, maana si wote wanaopata kiwango kamili, abadilishe tarakimu na aache utaratibu ule ule: kodi, dharura, kisha kugawa kwa siku.

KUNUNUA KAMA MFANYABIASHARA

Anayenunua nusu kilo ya mchele kila jioni kwenye duka la mtaani analipa bei ya mwisho kabisa, baada ya mkulima, dalali, msafirishaji, muuza jumla na mwenye duka kuchukua chao. Wanafunzi wanne wakichangishana wiki ya kwanza ya bumu na kwenda Tandale kuchukua mchele na maharage kwa debe, wanaruka ngazi mbili au tatu za mnyororo huo. Ndizi za kupika wazitafute Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Mafuta wanunue kwa dumu badala ya kupimiwa kwa kijiko.

Ushirika wa namna hii unataka masharti. Mmoja ashike daftari, zamu ya kupika iandikwe, na mgeni alipiwe na aliyemleta. Bila hivyo chakula cha mwezi kinaisha kwa wiki mbili na urafiki unaisha nacho.

Jambo la pili ni wakati wa kununua. Wiki ya bumu wauzaji hawana sababu ya kupunguza bei. Anayehitaji godoro, jiko au kompyuta ya mkononi iliyotumika asubiri wiki ya tano au ya sita, wenzake wakiwa wamekaukiwa na muuzaji akitafuta mteja kwa tochi. Fedha taslimu wakati huo ina nguvu ya kupatana ambayo haikuwa nayo siku ya kwanza.

AKIBA IKAE WAPI

Akiba ikikaa kwenye simu pamoja na fedha ya matumizi, italiwa. Isitoshe, kutoa fedha kidogo kidogo kwa wakala kuna gharama: anayetoa mara kumi anakatwa mara kumi. Ni afadhali kutoa matumizi ya wiki nzima kwa mara moja na kuiacha akiba mahali penye mlango mgumu kidogo kufunguka.

Njia ya zamani ni upatu. Wanafunzi sita wenye nidhamu wanaweza kuchezeshana kila bumu, kila mmoja akipokea kwa zamu. Uzuri wake ni kwamba mwenzako anakudai, kwa hiyo unaweka. Ubaya wake ni kwamba anayepokea wa kwanza anaweza kupotea, hasa akiwa mwaka wa mwisho. Kijumbe ahakikishe wanaokaribia kumaliza chuo wanapokea mwisho.

Njia nyingine ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005 kwa kipande cha shilingi 70, na thamani ya kipande imepanda mara kadhaa tangu hapo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS unamfaa anayetaka kupata fedha yake ndani ya siku chache za kazi. Msomaji akumbuke kuwa thamani ya vipande inaweza pia kushuka, na kwamba fedha ya chakula cha mwezi ujao haipelekwi huko. Inayopelekwa ni ile akiba ya shilingi 500 ikishakusanyika.

Hati fungani za serikali, ambazo kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000, ziko mbali na mwanafunzi wa kawaida. Kwa upande wa hisa, Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, liliwaanzishia wanafunzi shindano la uwekezaji mwaka 2014, ambamo hununua na kuuza kwa mtaji wa kufikirika. Ni shule nzuri, maana anayekosea humo halali njaa.

KAUSHA DAMU

Hatari kubwa ya wiki ya saba ni mkopo wa haraka, maarufu kama kausha damu. Tuseme mwanafunzi amekopa shilingi 50,000 na kutakiwa arudishe 60,000 baada ya wiki mbili. Shilingi 10,000 za ziada ni akiba yake ya siku 20 kwa mpango wetu wa hapo juu. Bumu lijalo linaanza likiwa limepungua, kwa hiyo nalo litaisha mapema, naye atarudi kwa mkopeshaji yule yule.

Wapo wanaokabidhi kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana. Huko ni kumpa mtu ufunguo wa duka na wewe ukalala nje. Mikopo ya kwenye simu nayo ichunguzwe: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kabla ya kubonyeza, mwanafunzi aulize leseni iko wapi. Na anayeahidiwa kuzalishiwa bumu lake mara mbili kwa mwezi awaulize wakubwa wake habari za DECI ya mwaka 2009, ambako watu "walipanda mbegu" na wengi hawakuvuna.

KWA MWENYE DUKA NA MZAZI

Mwenye duka au mama lishe anayewakopesha wanafunzi aweke kikomo kwa kila jina, na kikomo hicho kisizidi kile ambacho mteja anaweza kulipa kwa bumu moja na bado akala. Deni lisivuke mitihani ya mwisho wa mwaka, kwani baada ya hapo mteja yuko Bukoba au Songea. Anayepanga kuagiza mzigo wa mkopo kwa kutegemea tarehe ya bumu ajiwekee wiki mbili za ziada. Mteja mwenye fedha kidogo kila siku kwa siku 60 ana faida kwa duka kuliko anayemwaga laki mbili siku mbili kisha akapotelea kwenye daftari.

Mzazi anayeongezea bumu kwa fedha yake asitume zote kwa mara moja. Shilingi 60,000 zikitumwa 15,000 kila Jumatatu kwa wiki nne za mwisho wa awamu, zinafika wakati zinahitajika. Na kabla ya kutuma, aombe kuona hesabu ya siku 60. Mtoto anayeweza kuonyesha karatasi hiyo ndiye atakayeweza baadaye kukabidhiwa funguo za duka.