Zaka ya Reale za Kale

Baada ya kumhimidi Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.): huulizwa, je, sarafu za fedha zinazokusanywa kwa ukumbusho zina zaka?

Ndugu msomaji, jina “reale” lina asili ya Kihispania. Sarafu ya Hispania yenye picha ya nguzo mbili wazee wa pwani waliiita reale ya mzinga, kwani nguzo zile zilifanana na mizinga. Uzito wake ni takriban gramu 27, na fedha safi iliyomo ni kama gramu 24.

Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, yaani takriban gramu 595. Kinachohesabiwa ni fedha safi, si shaba iliyochanganywa.

Tuchukulie mtu wa Kasulu amerithi reale 10. Hizo peke yake hazifiki nisabu. Kisha akanunua 15 kwa ndugu yake wa Kibondo. Zikiwa 25 nisabu imetimia, na mwaka ukipita atatoa robo ya kumi, kama gramu 15. Reale moja yatosha na kuzidi. Asiseme, “Haya ni mapambo.” Kilichosamehewa na Mashafii ni pambo halali la kuvaliwa, si sarafu iliyofungiwa sandukuni.

Akizifanyia biashara, atazikadiria kwa bei ya soko. Na anunuapo kwa shilingi, malipo yawe papo hapo, asikopeshwe, isije ikawa riba.

Basi tufungue masanduku yetu tuhesabu, kabla hatujahesabiwa. Wallahu a’lam.