Kura Nyingi, Viti Vichache

Mwezi wa Julai 1963 watu wa Unguja na Pemba walipiga kura kuchagua wajumbe 31 wa Baraza lao. Chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, yaani kama 54 katika kila mia. Viti kilivyopata ni 13. Wapinzani wao, Hizbu na ZPPP walioshirikiana, walipata viti 18 nao wakaunda serikali. Nilipolisoma jambo hili nilidhani ni kosa la mpiga chapa, nikampelekea mwalimu kitabu. Akaniambia kosa halipo, nikae nipige hesabu mwenyewe.

Basi natuipige pamoja. Tuseme shule ina mabweni matatu, kila moja lina wanafunzi 100, na kila bweni huchagua mjumbe mmoja. Wanashindana Kijani na Nyeupe. Katika bweni la kwanza Kijani wanapata kura 90 na Nyeupe 10. Katika la pili Kijani 45, Nyeupe 55. Na la tatu vivyo hivyo. Jumla Kijani wana kura 180 na Nyeupe 120, lakini Nyeupe wana wajumbe wawili na Kijani mmoja! Kura 51 zingaliwatosha Kijani katika bweni la kwanza; zile 39 zilizozidi hazikuwafaa kitu. Ndivyo yalivyowapata Afro-Shirazi, waliojaza kura tele majimboni mwao na kushindwa kwa kura chache kwingineko.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Sisemi hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoyaleta, kwani chuki ile ilikuwa na mizizi mirefu. Lakini mtu aliyeshinda kwa kura akaambiwa ameshindwa, ni vigumu kumwomba awe na subira.

Nchi ya Lesotho ilipata msiba wa namna hiyo mwaka 1998. Chama cha LCD kilipata kura kama 60 katika mia, kikachukua viti 79 kati ya 80. BNP walipata kura kama 24 katika mia na kiti kimoja tu. Ghasia zikazuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na sehemu kubwa ya mji wa Maseru ikateketea kwa moto.

Baada ya hapo walibadili sheria. Katika uchaguzi wa 2002 Bunge lilikuwa na viti 120: 80 vya majimbo kama zamani, na 40 vya kuwafidia waliopunjwa. Kila mtu alipewa karatasi mbili, moja ya kumchagua mbunge wa jimbo, na moja ya kuchagua chama. BNP hawakushinda jimbo hata moja, lakini kwa kura zao 22 katika mia wakapewa viti 21. Hesabu haikutimia barabara, kwa kuwa LCD walikuwa wamekwisha kuchukua majimbo kupita fungu lao, lakini ilikaribia haki.

Rafiki yangu mmoja hapa bwenini hukataa kabisa. Husema, "Mbunge wa karatasi ya chama nitamlilia wapi barabara yetu ikiharibika?" Namjibu kwamba Wasotho hawakuyafuta majimbo. Husema tena kuwa serikali za vyama vingi vilivyoungana huvunjika upesi, na hapa ana haki: Lesotho ilifanya uchaguzi 2012, tena 2015, tena 2017. Hata hivyo mimi naona ni heri kurudi kupiga kura mara tatu kuliko kuchoma mji mara moja.

Wala kanuni hii si ngeni kwetu Tanzania. Viti maalum vya wanawake Bungeni hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura zao. Mwakani nitatimiza miaka 18, na ningependa kuona baadhi ya viti vingine navyo vikigawiwa hivyo.