Bogotá: Jiji Linalokukata Pumzi

Vijana, leo tusafiri hadi Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, Amerika ya Kusini. Ukiangalia ramani, uko karibu na ikweta kama Nairobi na Kampala. Utasema, basi huko ni joto tupu! Wapi! Bogotá imekaa kwenye milima ya Andes, kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Watu wanavaa sweta mwaka mzima. Mgeni aliyetoka pwani akipanda ngazi chache tu, anahema kama katoka kukimbia. Kwa nini?

Nini kinatokea mwilini?

Wengi hudhani kule juu hewa ina mchanganyiko tofauti. Si kweli. Popote ulipo, katika sehemu 100 za hewa, karibu 21 ni oksijeni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Bogotá mgandamizo ni karibu robo tatu ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi kwenye damu.

Mwili haukai kimya. Kwanza unapumua haraka na moyo unadunda mbio. Halafu figo hutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana mgeni anahema wakati mwenyeji anasakata kabumbu.

Siku ya kwanza: pole pole

Anzia La Candelaria, mtaa wa kale, na uwanja wa Plaza de Bolívar wenye kanisa kuu na bunge. Kisha ingia Museo del Oro, jumba la makumbusho ya dhahabu. Humo kuna chelezo kidogo cha dhahabu kilichotengenezwa na Wamuiska, wenyeji wa kale wa uwanda huu. Kunywa maji, kula kidogo kidogo, na achana kabisa na pombe.

Jumapili: barabara ni za watu

Tangu miaka ya 1970, Bogotá ina utaratibu uitwao Ciclovía. Kila Jumapili na sikukuu, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara hufungwa, magari hayapiti. Baba, mama, bibi na watoto wanatoka na baiskeli, wanatembea, wanakimbia. Bustanini kuna mazoezi ya viungo kwa muziki, bure. Hakuna anayeuliza una viatu gani.

Safari za siku moja

Ukishazoea, panda Monserrate, mlima wa mita 3,152 unaotazama jiji. Unaweza kwenda kwa miguu au kwa gari la kamba.

Zipaquirá, kaskazini mwa jiji, kuna kanisa lililochongwa ndani ya mgodi wa chumvi, kiasi cha mita 180 chini ya ardhi. Lililopo sasa lilifunguliwa 1995. Katika mji huu ndiko alikokulia Egan Bernal, aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 2019 akiwa na miaka 22, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini.

Ziwa Guatavita liko juu zaidi, karibu mita 3,000. Yasimuliwa kwamba hapo chifu mpya alipakwa unga wa dhahabu, akapelekwa katikati ya ziwa kwa chelezo. Kile cha makumbusho kinaonyesha jambo kama hilo.

Ukishuka je? Kwenye baridi ya Bogotá huoni malaria. Lakini Girardot, kando ya mto Magdalena, iko chini ya mita 300. Ni saa chache tu kwa basi, na joto linakupokea pamoja na mbu wa dengi, ambao huuma mchana. Mwaka 2025 serikali ilitangaza dharura ya kiafya kwa sababu ya homa ya manjano, na mkoa jirani wa Tolima uliathirika sana. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari.

Usijikaze kiume!

Somo hili si la Bogotá peke yake. Kituo cha Horombo, Mlima Kilimanjaro, kiko mita 3,720, na wanafunzi wanapanda kila mwaka. Shika haya:

• Kichwa kinagonga, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi hauji: acha kupanda, pumzika, mwambie kiongozi.

• Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata ukiwa umekaa: hii ni hatari ya kifo. Shushwa mara moja, hata kama ni usiku. Usisubiri kupambazuke.

• Una selimundu? Oksijeni ikipungua, chembe zako hujikunja na kuziba mishipa. Muone daktari kabla ya safari yoyote ya milimani. Mwenye pumu naye aulize, abebe na dawa yake.

Mwenzako akisema "kichwa kinaniuma", usimcheke wala usimwite legelege. Hata mwanamichezo hodari huugua akipanda haraka. Kumsikiliza siku hiyo kunaweza kuokoa maisha yake.