Moto Hauondoi Ulevi: Krepu ya Kifaransa kwa Danzi la Pwani

Katika vyakula vitamu vya Wafaransa vilivyopata sifa ulimwenguni, ni vichache vyenye mbwembwe kama kile kiitwacho crêpes Suzette, nasi hapa tutakiita krepu Suzette ili ulimi usije ukakwama. Mhudumu huja na kijimeza cha magurudumu hadi ubavuni pa mgeni, juu yake pana jiko dogo na kikaango king'aacho. Huyeyusha siagi na sukari, akatia maji ya machungwa, akalaza humo vikate vyembamba vilivyokunjwa mara mbili vikawa pembe tatu. Kisha hushika chupa, akamimina pombe kali iliyotiwa maganda ya machungwa, akaiwasha moto. Ndimi za samawati hupanda, watu hupiga makofi, na moto ukizimika sahani hutengwa.

Mgeni Mwislamu akiuliza habari ya ile chupa, aghalabu hujibiwa kwa upole: "Usijali, bwana, pombe yote imekwisha kuungua." Neno hili limeenea sana, hata baadhi ya vijana wetu wafanyao kazi ya upishi katika mahoteli hulirudia kwa nia njema. Leo napenda tulitie neno hilo katika mizani tuone lina uzito gani, kisha tuingie jikoni tukapike krepu ambayo haina haja ya kutetewa.

Kwanza tujue ni chakula gani. Krepu si kitu kigeni kwetu. Ni jamaa wa karibu wa chapati zetu za maji: unga wa ngano, mayai, maziwa na chumvi kidogo, ukamiminwa mwepesi juu ya chuma cha moto. Kwao ni maarufu zaidi katika jimbo la Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa, na kila tarehe 2 Februari Wafaransa wengi hula krepu kwa kuiadhimisha siku yao iitwayo Chandeleur. Krepu ya kawaida haina ulevi wowote. Ulevi uliingia pamoja na Suzette.

Na huyo Suzette ni nani? Hapo wasimulizi wametofautiana. Mpishi Henri Charpentier, aliyezaliwa mwaka 1880, alisimulia kwamba mwaka 1895, akiwa kijana katika Café de Paris huko Monte Carlo, alikuwa akimwandalia mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba mwaka 1901. Pombe iliyokuwamo kikaangoni ikashika moto kwa bahati mbaya. Charpentier alipoonja akaona kumbe ladha imezidi, na mkuu yule akataka chakula kiitwe kwa jina la msichana aliyekuwa mezani pake, Suzette. Wengine wanalipinga simulizi hili, wakisema kijana wa umri ule asingepewa kumhudumia mkuu kama huyo. Wao humtaja Suzanne Reichenberg, mwigizaji wa jumba la Comédie-Française mjini Paris, ambaye jina lake la jukwaani lilikuwa Suzette.

Lililo muhimu kwetu ni hili. Auguste Escoffier, aliyekuwa bingwa wa wapishi wa Kifaransa wa zama zile, aliiandika krepu Suzette katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1903. Alitaja pombe ya machungwa na maji ya machenza, lakini hakuamrisha kuwasha moto. Kwa hivyo yule anayesema kwamba bila moto si krepu Suzette ya asili, asili yenyewe haimuungi mkono.

Sasa turudi kwenye mizani yetu. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima vyakula vilivyopikwa kwa pombe. Walikuta kwamba, kwa kutegemea namna ya kupika, pombe iliyobakia ilikuwa kati ya asilimia 4 na 85 ya ile iliyotiwa. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo laonyesha kwamba chakula kilichowashwa moto kwa mtindo wa Suzette hubakiwa na asilimia 75. Kilichotokoswa nusu saa hubakiwa na asilimia 35, na hata kilichokaa motoni saa mbili na nusu bado kina asilimia 5.

Mtu atauliza, yawezekanaje ilhali moto tuliuona kwa macho? Jawabu ni kwamba kiunguacho si ile pombe iliyomo ndani ya kikaango, bali ni mvuke wake unaopanda juu. Pombe huchemka kwa nyuzi 78, na maji kwa nyuzi 100, lakini vikishachanganyika havitoki kimoja kimoja kama watu wapangao foleni. Mvuke wa pombe ukipungua kidogo tu, moto hukosa chakula chake ukafa, na sehemu kubwa ya ulevi ikabakia palepale ndani ya mchuzi. Hesabu yake ni rahisi. Mhudumu akimimina mililita 60 kutoka kwenye chupa, kisha moto ukawaka na kuzima, ni kama ambaye hakuwasha lakini akatia mililita 45. Makofi yamepigwa, na ulevi uko sahanini.

Kwa Mwislamu, jambo hili halina njia ya panda. Kurani Tukufu imekataza ulevi katika sura ya Al-Maida, aya ya 90, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba kitu ambacho wingi wake hulevya, hata uchache wake ni haramu. Tena sisi tulio wengi hapa Pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo yahesabu ulevi kuwa ni najisi. Kwa hivyo haitoshi kumwambia mpishi asitie pombe katika sahani yangu, iwapo kikaango na upawa ni vilevile alivyotumia kwa mgeni aliyetangulia na havijaoshwa.

Basi je, tuseme Mwislamu ameikosa krepu Suzette? La hasha. Tujiulize kwanza: ile pombe ilitiwa kwa kazi gani? Zile mbili zitumikazo sana ni Cointreau, iliyoanza mwaka 1875 katika mji wa Angers, na Grand Marnier, iliyoanza mwaka 1880. Zote mbili zina kilevi cha asilimia 40, na zote mbili harufu yake yatokana na maganda ya machungwa machungu. Chungwa hilo chungu si jingine ila ni lile tunaloliita danzi. Wafaransa walihitaji ukali wake, uchungu wake na marashi ya ganda lake ili utamu wa sukari usimkinaishe mlaji. Pombe ilikuwa punda tu wa kuibeba harufu ile.

Na danzi hili lina nasaba. Waarabu walilichukua kutoka mashariki wakalipanda Sisilia na Andalusia, karne kadhaa kabla Ulaya haijalijua vizuri chungwa tamu. Hata neno la Kifaransa la chungwa, orange, mzizi wake ni naranj ya Kiarabu, iliyotoka katika lugha ya Kiajemi. Miwa ya sukari nayo ilipita njia hiyohiyo. Na Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Machungwa na sukari, ambavyo ndivyo roho ya krepu hii, vilikuwa vimekwisha kuzoeleka hapa kwetu kabla ya Suzette kuzaliwa.

Haya, tuingie jikoni. Kipimo hiki chawatosha watu wanne, kila mtu vikate viwili.

Kwa rojo chukua gramu 125 za unga wa ngano, mayai mawili, mililita 300 za maziwa, gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa, kijiko kikubwa kimoja cha sukari na chembe ya chumvi. Vunja mayai katikati ya unga, tia maziwa kidogo kidogo huku ukipiga hadi madonge yaishe, kisha umalizie na siagi. Funika, uache nusu saa hadi saa nzima ili unga unywe maziwa. Rojo liwe jepesi, lipite upawani kama tui la kwanza. Paka siagi kidogo katika kikaango cha upana wa sentimita 20, mimina kiasi cha kutandaa tu, zungusha mkono, na pembeni pakianza kupata rangi ugeuze. Panga vikate vyako kwenye sahani na uvifunike.

Kwa mchuzi tayarisha gramu 80 za sukari, gramu 80 za siagi laini, machungwa matatu na danzi moja. Kwaruza ganda la juu la danzi na la chungwa moja, lile lenye rangi peke yake. Ule weupe wa ndani uache, kwani uchungu wake hauna harufu. Chukua gramu 30 za ile sukari, uifikiche kwa vidole pamoja na maganda hadi iwe na unyevu na jiko zima linukie. Hapo ndipo penye siri yote. Mafuta ya ganda hukamatwa na sukari, na ukiichanganya na siagi hukamatwa tena, kwa sababu mafuta hupendana na mafuta. Siagi sasa imeifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na chupa. Kama huna danzi, tumia maganda ya machungwa mawili na maji ya ndimu.

Kamua machungwa upate mililita 200 za maji, uongeze vijiko viwili vikubwa vya maji ya danzi. Zile gramu 50 za sukari zilizosalia zitie kikaangoni na kijiko kikubwa kimoja cha maji, uziache ziungue hadi rangi ya kaharabu. Usiziwahi, maana uchungu huo mdogo ndio ushikao mahali pa ukali wa pombe. Epua, umimine maji ya machungwa polepole ukiwa umekaa mbali, na watoto wasiwe karibu, kwa kuwa sukari hiyo ina moto kuliko maji yachemkayo na itaruka. Rudisha jikoni, uchemshe hadi ipungue kwa nusu, mfano wa shira ya kaimati lakini nyepesi zaidi. Punguza moto, utie ile siagi ya maganda huku ukikoroga. Chovya vikate kimoja kimoja, ukunje pembe tatu, uviandae vikiwa vya moto.

Na anayeipenda ile tamasha ya moto asihuzunike. Washa mshumaa mezani, uchukue kipande cha ganda bichi la chungwa, ukiminye kwa ghafla upande wa ganda ukielekea mwali. Utaona cheche zikiruka, kwani mafuta ya ganda yenyewe hushika moto. Watoto watashangilia, na hakuna mtu aliyekunywa kitu.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Chupa ndogo za vanila nazo zisomwe kabla hazijatiwa chunguni, kwani kwa kanuni za Marekani ile iitwayo vanila halisi ya maji huwa na kilevi kisichopungua asilimia 35. Iliki yatosha, na ni yetu. Na ukiwa mgeni hotelini, uliza kabla ya kuagiza, wala usione haya. Mchuzi wa chakula hiki hupikwa papo hapo, na mpishi aijuaye kazi yake hawezi kushindwa kuosha kikaango na kukamua chungwa.

Danzi ukila ni chungu, ganda lake ni marashi,
Likwangue kwa mafungu, utie kwenye mapishi,
Usidanganywe mwenzangu, pombe haishi kwa moshi,
Halali haina wingu, tule bila ya ubishi.