Pasipoti ikiisha ukiwa Guangzhou, mzigo nao hukwama

MFANYABIASHARA wa vipuri vya bodaboda wa Kariakoo anapojiandaa kwenda Guangzhou, China, hukagua mambo mengi: bei ya dola, gharama za kontena, sampuli za mzigo na hela ya kula. Kitu ambacho mara nyingi hakitazamwi ni tarehe iliyoandikwa chini ya picha yake ndani ya pasipoti.

Tarehe hiyo inaanza kuwa na uzito sasa. Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki Januari 31, 2018, nayo hudumu miaka 10. Maana yake zile za mwanzo kabisa zinafikia ukomo mwanzoni mwa mwaka 2028. Lakini nchi nyingi, China ikiwamo, hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele wakati wa kuomba viza, hivyo wenye pasipoti hizo wataanza kugonga mwamba tangu katikati ya mwaka 2027. Kwa mtu wa biashara, pasipoti yenye miezi minne ni sawa na iliyokwisha.

Mchukue mfanyabiashara aliyeagiza mzigo kiwandani. Kwa kawaida hulipa asilimia 30 ya bei kama malipo ya awali, na 70 iliyobaki hulipwa mzigo ukiwa tayari kupakiwa. Kiwanda kikichelewa wiki tatu, anahitaji kuongeza muda wa viza ili aukague mzigo kabla ya kumalizia fedha. Akifika kwa polisi wa uhamiaji wa China anaambiwa pasipoti haina muda wa kutosha. Anabaki na njia mbili: kurudi nyumbani na kumwamini mwenye kiwanda, au kutafuta pasipoti mpya akiwa huko huko.

Wapo wanaochagua njia ya tatu, ya kujificha. Hiyo ni hasara tupu. Sheria ya China iliyoanza kutumika mwaka 2013 inatoza hadi yuan 500 kwa kila siku ya kuzidisha muda, mwisho yuan 10,000, au mtu kuwekwa ndani siku tano hadi 15. Faida ya katoni nyingi za vipuri inaweza kuishia hapo.

Zamani Mtanzania aliyekuwa Guangzhou alilazimika kwenda ubalozini Beijing, safari ya reli ya karibu kilomita 2,300. Siku hizi Tanzania ina ubalozi mdogo Guangzhou kwenyewe, jambo lililowapunguzia wafanyabiashara nauli na siku za hoteli. Hata hivyo, ni busara kupiga simu kwanza na kuuliza siku ambazo maombi ya pasipoti hupokelewa na alama za vidole kuchukuliwa.

Alama hizo ndizo zinazofanya kazi hii isitumwe kwa mtu. Fomu hujazwa kwa njia ya mtandao kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, lakini mwombaji lazima afike mwenyewe. Kishoka anayedai kwamba atamaliza kila kitu bila mwenye pasipoti kuonekana anauza maneno. Aidha, pasipoti yenyewe huchapishwa Tanzania ndipo isafirishwe, kwa hiyo anayeomba akiwa amebakiza siku kumi za viza amechelewa.

Eneo linalowakwamisha watu zaidi, kuliko hata ada, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rajab, kitambulisho cha taifa kinasema Rajabu. Baba ni Mohamed kwenye karatasi moja na Mohammed kwenye nyingine. Mtu ameishi na tofauti hizo miaka 30 bila mtu kumuuliza, kwa sababu sokoni hakuna anayehesabu herufi. Kompyuta inahesabu.

Akiwa nyumbani, tofauti hiyo hurekebishwa kwa kwenda NIDA au RITA, au kwa hati ya kiapo iliyosajiliwa. Akiwa China, itabidi ndugu aiache shamba au duka, azunguke ofisi hizo kwa niaba yake, kisha karatasi zitumwe kwa ndege. Waliozaliwa vijijini huwa na mtihani wa ziada, maana huulizwa pia uthibitisho wa kuzaliwa wa mzazi, na wazee wengi hawakuwahi kuwa na cheti. Kiapo cha mzazi kinaweza kusaidia, ila ni karatasi ya kutafutwa mzee akiwa hai na mwana akiwa karibu. Kikundi cha wakulima wa parachichi kinachotaka kumtuma mwenzao akanunue mitambo kingefanya vema kumwuliza vyeti kabla ya kumchangia nauli.

Kupoteza pasipoti ni balaa kubwa zaidi. China huwezi kupata tiketi ya treni wala chumba cha hoteli bila kuionyesha. Aliyeibiwa huanza kituo cha polisi cha eneo husika, kisha ofisi ya uhamiaji ya China impe cheti cha upotevu, ndipo aende ubalozini. Hata akipata kitabu kipya, hakina viza ndani yake, hivyo lazima arudi kwa Wachina kuomba ruhusa ya kukaa au ya kutoka. Nakala ya ukurasa wa picha na ya viza, ikihifadhiwa mbali na pasipoti, huokoa siku kadhaa hapo.

Kwa asiyeweza kusubiri ipo hati ya dharura ya safari. Hiyo humrudisha mtu nyumbani. Haimfikishi Dubai kununua mzigo mwingine, na mwenye kontena ambalo halijafungwa ataondoka akiliacha nyuma.

Anayefanikiwa kupata pasipoti mpya aombe arudishiwe ile ya zamani, ikiwa imebatilishwa, kwa kuwa ndiyo yenye viza na mihuri inayoonyesha historia yake ya safari. Mwenye kibali cha ukazi cha China ana siku 10 tu za kwenda kurekebisha taarifa zake kwa polisi.

Halafu kuna namba. Pasipoti mpya huja na namba mpya, wakati tiketi ya ndege, akaunti ya benki ya China na pochi ya simu anayolipia viwandani vyote vimefungwa kwenye namba ya zamani. Asipozibadilisha mapema, anaweza kusimama mbele ya mwenye kiwanda, mzigo umefungwa na fedha zimo kwenye akaunti, lakini malipo yanakataa kupita.