Sura ya Nne: Kila Kitu ni UTI

Simama kidogo kwenye duka la dawa lolote la Mbagala au Mwananyamala, utamsikia mteja akinong'ona: "Dada, nisaidie, UTI imenirudia." Muuzaji asipouliza inauma wapi, vidonge vinaingia kwenye bahasha na safari inaishia hapo. Jijini Dar es Salaam herufi hizo tatu zimekuwa sitara. Kuutaja uke mbele ya foleni ni aibu, ila UTI inatamkika hata ndani ya daladala. Tatizo ni kwamba chini ya sitara hiyo yamejificha magonjwa yasiyotibika kwa dawa moja.

Tuanze na maumbile. Mwanamke ana njia mbili zilizo jirani. UTI halisi ni ya njia ya mkojo: unakojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, na mkojo unachoma. Njia ya pili ni ya uzazi, inayoanzia ukeni, ikapita mlango wa kizazi na mfuko wa uzazi hadi kwenye mirija. Huko kuna wakazi wengine na maradhi mengine.

Uke una walinzi wake, bakteria wa jamii ya laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Hutengeneza asidi, na kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa pH (kipimo cha asidi) huwa kati ya 3.8 na 4.5, hivyo vijidudu vingi haviwezi kustawi humo. Ute mwepesi usio na harufu mbaya si ugonjwa. Ila anayejisafisha ndani kwa sabuni au shabu, akidhani ndio unadhifu, huwavuruga walinzi hao.

Walinzi wakipungua, bakteria wengine huzaliana: uchafu unakuwa wa kijivu, mwepesi, wenye harufu ya samaki. Fangasi ni habari nyingine: muwasho mkali, na uchafu mzito kama maziwa mgando. Fangasi hupenda mwili uliotoka kumeza antibayotiki, kwa hiyo vidonge vya ile "UTI" ya dukani vinaweza kuleta muwasho utakaomrudisha mteja dukani kuomba vingine. Trikomonasi huambukizwa kwa kujamiiana. Uchafu wake mara nyingi ni wa njano au kijani, na mwenza naye lazima atibiwe.

Wa kuogopwa zaidi ni walio kimya. Kisonono na klamidia kwa wanawake wengi havina dalili. Vijidudu hupanda taratibu hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Baadaye mimba inakataa kushika, au inatunga nje ya kizazi.

Tanzania ina somo kubwa hapa. Kati ya 1991 na 1994, zahanati na vituo vya afya vya vijijini mkoani Mwanza viliimarishwa: wahudumu walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa, na wagonjwa walihimizwa kuwaleta wenza wao. Matokeo yalichapishwa 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii zilizolinganishwa nazo. Sababu inaeleweka. Ukuta wa uke wenye vidonda au uvimbe humrahisishia kirusi kupenya.

Tiba ya Mwanza ilianza na mgonjwa kusimulia. Mhudumu hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na maswali, na majibu ndiyo yaliyomwelekeza kwenye dawa. Wale walio kimya hawasimuliki, ndiyo maana aliyejamiiana na mwenye dalili anahitaji kupimwa hata kama yeye haumwi popote. Anayeumwa tumbo la chini pamoja na homa, au mjamzito anayetokwa na uchafu wenye harufu, asikae nyumbani kusubiri.

Kwa hiyo ukifika kituoni, iwe Temeke au Kinondoni, usianze na jina la ugonjwa. Sema: "Nesi, natokwa na uchafu ukeni, unanuka, una siku nne, na mkojo hauniumi." Hapo atajua aanzie njia ipi.