Taifa la Wiki Mbili

Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora mjini ukaipita Sikonge, hapa ndipo barabara inapogawanyika: moja inashika Mpanda, nyingine inaingia porini kuelekea Rungwa. Wenyeji wanaishi kwa tumbaku na asali, na Desemba ni mwezi wa kupandikiza miche, si wa kukaa kijiweni. Hata hivyo, Desemba 7, 2017, redio moja chini ya mwembe ilikuwa imezungukwa na watu. Zanzibar Heroes ilikuwa inacheza na Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, katika Kombe la Chalenji nchini Kenya. Zanzibar ikashinda 2-1. Mzee mwenye redio akatugeukia na kuuliza, hana hata chembe ya utani usoni, kama tumefunga au tumefungwa.

Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Zanzibar ina watu wasiofika milioni 2 kwa sensa ya 2022. Mkoa wetu wa Tabora peke yake una zaidi ya milioni 3. Lakini Tabora haina wimbo wa taifa unaopigwa uwanjani, Zanzibar inao. Mashindano ya Chalenji yalianza 1926 kwa Kenya na Uganda kugombea Kombe la Gossage, jina lililotokana na kampuni ya sabuni. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949. Muungano ulipokuja Aprili 1964 nchi ziliunganishwa, ila jezi za mashindano haya zikabaki mbili.

FIFA inaitambua Tanzania tu. Kwa hiyo Zanzibar haichezi kufuzu Kombe la Dunia wala AFCON. Ajabu ni kwamba klabu bingwa ya Visiwani inaingia Ligi ya Mabingwa Afrika kama ya nchi nyingine yoyote. Wachezaji wake wakishavuka ngazi ya klabu, mlango unafungwa. Chalenji inapoanza unafunguliwa kwa wiki mbili hivi, kisha wenye vipaji wanavua jezi na kurudi kusubiri wito wa Taifa Stars, timu ya Tanzania nzima. Mudathir Yahya na Feisal Salum wamezivaa zote mbili.

Wiki mbili tamu kuliko zote zilikuwa za 1995, nchini Uganda. Zanzibar iliifunga Uganda B 1-0 kwenye fainali na kubeba kombe, na hadi leo ndilo taji lake pekee la Chalenji. Mwaka huohuo Ali Hassan Mwinyi alimaliza urais wa Tanzania, yeye ambaye kabla yake alikuwa Rais wa Zanzibar. Uwanja mkubwa wa Tabora mjini una jina lake. Nadhani hiyo si bahati tu: kabla ya reli, pembe za ndovu ziliondoka Unyanyembe, hapahapa Tabora, mabegani mwa Wanyamwezi hadi Bagamoyo, zikavuka bahari hadi Unguja, na baadaye wajukuu wa wapagazi hao wakaenda kuchuma karafuu hukohuko. Huku kwetu Zanzibar haijawahi kuwa ng'ambo.

Mwaka 2006 Zanzibar ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kucheza mashindano ya timu zilizo nje ya FIFA, pamoja na Greenland, Tibet na Gibraltar. Ilifika fainali, ikatoka 0-0 na Cyprus ya Kaskazini, ikafa kwa mikwaju ya penati.

Kisha ukaja 2017, na hapo nashindwa kuandika kwa utulivu. Machi 16, Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Visiwani watu walisherehekea. Julai 21, Rabat, CAF hiyohiyo ikaufuta uanachama huo. Rais wake, Ahmad Ahmad, alieleza kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Muungano ulikuwa na umri wa miaka 52 Zanzibar ilipopokelewa. Iliichukua CAF miezi minne kuugundua?

Ndiyo maana Desemba ile ilikuwa nzito. Waliofukuzwa Julai waliifunga Rwanda 3-1, wakaifunga Bara, wakaitoa Uganda 2-1 kwenye nusu fainali. Desemba 17, Machakos, walikutana na wenyeji Kenya. Mwembe uleule, redio ileile, ila safari hii hakuna aliyeuliza sisi ni akina nani. Khamis Musa Makame alisawazisha dakika za mwisho, akasawazisha tena kwenye muda wa nyongeza: 2-2. Penati tena. Kipa wa Kenya, Patrick Matasi, alipangua tatu. Mzee aliizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, akatoa betri na kuzitia mfukoni.

Kocha wa timu ile alikuwa Hemed Suleiman, maarufu Morocco. Januari 2024, kwenye AFCON, kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, alifungiwa kwa maneno aliyoyasema kuhusu nchi ya Morocco, na timu akakabidhiwa Morocco wetu. Kijiweni tulicheka wiki nzima. Novemba 19 mwaka huo Stars ikaifunga Guinea 1-0 na kufuzu AFCON ya 2025.

Mzee alilisikia jina la kocha usiku ule. Alilirudia taratibu, kisha akauliza kama huyo si ndiye aliyetufunga mwaka ule Kenya.